James McAvoy

James McAvoy (amezaliwa Glasgow, 21 Aprili 1979) ni mwigizaji wa Uskoti wa jukwaani, wa filamu na wa televisheni. Ameigiza katika filamu za gharama kubwa za Hollywood, lakini uwezo wake wote huonekana jukwaani.

Maisha ya awali

Wazazi wake walitengana akiwa mdogo, akalelewa na babu na bibi yake wa upande wa mama huko Drumchapel, pembezoni mwa Glasgow. Mwigizaji na mwongozaji David Hayman alipotembelea shule ya McAvoy, kijana huyo alimfuata na kuomba nafasi. Akaipata, ndogo, katika filamu ya The Near Room (1995). Alihitimu mwaka 2000 katika chuo ambacho leo kinaitwa Royal Conservatoire of Scotland.

Filamu

Afrika Mashariki anakumbukwa kwa The Last King of Scotland (2006), iliyopigwa nchini Uganda. Humo ni Nicholas Garrigan, daktari kijana anayegeuka kipenzi cha Idi Amin. Garrigan ni mhusika wa kubuni kutoka riwaya ya Giles Foden. Sifa nyingi, pamoja na Oscar, zilikwenda kwa Forest Whitaker aliyeigiza Amin, na alistahili. Hata hivyo filamu inasimama juu ya McAvoy: ni kwa macho yake mtazamaji anavutwa na ucheshi wa dikteta kabla ya kuona damu.

Atonement (2007) ilimfanya nyota. Katika tukio la ufukwe wa Dunkirk kamera inamfuata kwa takriban dakika 5 bila kukatwa, huku waigizaji wa ziada wapatao 1,000 wakiwa wamemzunguka. Baadaye alikuwa Profesa Charles Xavier katika mfululizo wa X-Men kuanzia 2011, polisi aliyeoza wa Edinburgh katika Filth (2013), na mtu mwenye nafsi nyingi katika Split (2016).

Jukwaani

Kazi zake kubwa za jukwaani amezifanya na mwongozaji Jamie Lloyd. Macbeth yao (London, 2013) ilikuwa ya jasho, matope na damu. Kilele ni Cyrano de Bergerac (2019), kwa maneno mapya ya Martin Crimp. Cyrano anajulikana kwa pua yake kubwa. McAvoy hakubandikwa pua yoyote. Alisimama na kipaza sauti mkononi, amevaa nguo za kisasa, akazirusha beti kwa lafudhi ya Glasgow, na ubaya wa sura ukabaki katika maneno tu. Aliteuliwa kuwania Tuzo ya Olivier, na mwaka 2022 tamthilia hiyo ikaonyeshwa pia Glasgow na New York.

Televisheni

Ameigiza pia katika Shameless na His Dark Materials.

Uongozaji

Filamu ya kwanza aliyoiongoza, California Schemin', ilionyeshwa Toronto mwaka 2025. Inasimulia kisa cha kweli cha vijana wawili wa Dundee waliojifanya Wamarekani ili warekodiwe muziki wao wa rap, baada ya lafudhi yao ya Kiskoti kuchekwa.