Mungu Darasani: Ugomvi wa Mbiti na Okot Unaotuhusu Hata Sisi wa Ntimaru

Profesa Bethwell Ogot alipofariki Januari 2025, magazeti yalimlilia kama baba wa historia ya Afrika Mashariki, na alistahili. Lakini mwaka 1961, miaka sita kabla ya kutoa kitabu chake kikubwa kuhusu Waluo wa kusini, Ogot alichapisha makala juu ya jok, nguvu ambayo Waluo na ndugu zao wa Uganda waliihofu na kuiheshimu. Kijana aliyesomeshwa Maseno, shule ya misheni, alikuwa akiichunguza imani ya wazee wake kwa nyenzo za chuo kikuu. Hapa Ntimaru, kwetu Ukuria, jambo hilo halijazeeka. Vijana wetu huombewa kanisani kabla ya kupanda gari kwenda vyuo vikuu vya Rongo, Maseno au Nairobi, na huonywa wasirudi bila imani.

Mwanzo wa kukutana huku kwa kanisa na chuo unajulikana: Waadventista walifungua kituo Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, madhehebu mengine nayo yakaja, kanisa likazaa shule, na shule ikapeleka wachache chuo cha Makerere, Uganda.

Makerere haikuwa mali ya dhehebu lolote, na huko ndiko moto ulikowakia. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, mwaka 1931, alifundisha dini hapo kuanzia 1964 hadi 1974. Alikuwa kasisi wa Kianglikana mwenye uzamivu wa Cambridge. Mihadhara aliyowapa wanafunzi wa Makerere na wa Hamburg ndiyo iliyozaa African Religions and Philosophy, kitabu cha 1969. Mbiti alishikilia kwamba Mwafrika alimjua Mungu kabla ya mmishonari kushuka melini, na kwamba Injili ilikuta shamba lililokwisha kulimwa. Kwa Mkristo aliyefundishwa kuwaonea aibu babu zake, maneno hayo yalikuwa ukombozi.

Okot p'Bitek hakukubali. Naye alizaliwa 1931, huko Gulu. Alikwenda Uingereza mwaka 1956 na timu ya soka ya Uganda, akabaki kusoma, na alipofika Oxford akawapinga walimu waliowaita Waafrika washenzi mbele yake. Nyanza inamjua: akiwa mtumishi wa chuo kikuu cha Nairobi huko Kisumu, aliandaa tamasha la sanaa mwaka 1968. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akatoa African Religions in Western Scholarship, na humo akamshambulia Mbiti pamoja na wasomi wengine Wakristo wa Kiafrika. Wamewavika miungu wa Afrika majoho ya Kigiriki, alisema. Wamemtwika Mungu wa mababu sifa za kuwa mwenyezi, wa milele na asiyeonekana, ambazo wazee hawakuzijua, ili Mzungu aridhike.

Hoja yake aliipa mguu kwa kisa cha mwaka 1911. Mapadri wa Kiitaliano waliwakalisha wazee wa Kiacholi na kuwauliza ni nani aliyewaumba. Swali lilifika masikioni mwa wazee kama nani aliyewafinyanga, na wazee wakaona halina maana, kwani mtu huzaliwa na mama yake. Walipozidi kubanwa, mmoja alikumbuka kwamba yupo anayewafinyanga watu wenye kibyongo, akiwakunja mgongo: Rubanga. Mapadri wakaandika jina hilo, na tangu hapo Muumba wa mbingu na nchi akahubiriwa Acholi kwa jina la jok wa ugonjwa wa uti wa mgongo.

Ninakisoma kisa hiki kama muumini, na kinanichoma. Okot alikuwa na haki kuhusu ushahidi: huwezi kuwaandikia wazee majibu usiyowasikia wakiyatoa. Hata hivyo Mbiti hakuitenganisha altare yake na dawati lake. Alikubali imani yake ipigwe darasani, hadharani, na waliomkataa. Ujasiri huo ninauheshimu kuliko hoja zenyewe.

Katika chuo kikuu cha Nairobi nako askofu Mwanglikana, Stephen Neill, aliasisi idara ya falsafa na dini mwishoni mwa miaka ya 1960. Henry Odera Oruka wa Ugenya aliipigania falsafa isimame peke yake, na mwaka 1980 zikatengana. Okot alifariki 1982. Mbiti alihamia Uswisi, akatafsiri Agano Jipya kwa Kikamba na kulitoa 2014, akafariki 2019.

Tangu enzi yao mzozo umenyamaza, nami sifurahii. Vyama vya wanafunzi Wakristo, vilivyounganishwa chini ya FOCUS tangu 1973, vina nyimbo na maombi yenye nguvu. Ila mwanafunzi akimaliza maombi hukaa kuandika tasnifu yake kana kwamba imani haina la kuuliza wala la kuulizwa.

Sisi Wakuria tuna deni la pekee. Paul Abuso alituandikia historia yetu, ikatoka 1980. Dini ya mababu zetu iliandikwa kwa kina na Mwingereza, Malcolm Ruel, aliyekaa Ukuria miaka ya 1950 na kuyakusanya maandishi yake kitabuni mwaka 1997. Ruel aliona kwamba kiini cha dini yetu ni matambiko ya kuulinda uhai. Kulitanguliza neno "kuamini", alisema, ni tabia ya Wakristo, na si haki kuibandikia kila dini. Hoja hiyo inamgusa kila anayekaa ibadani Ntimaru huku baba yake akihesabiwa katika vizazi vya Kikuria vya Abasai au Abachuma. Ninataka kusoma jibu lake kutoka kwa Mkristo wa kwetu Bwirege, aliyewasikiliza wazee kwa masikio ya Okot na kuamini kama Mbiti, akilitetea mbele ya watahini pale Rongo.