Lengelenge la mguuni
Lengelenge (wingi: malengelenge) ni uvimbe mdogo wa ngozi uliojaa majimaji. Miguuni hutokea zaidi kisiginoni, vidoleni na kwenye unyayo. Wengi hudhani husababishwa na kiatu kukwangua ngozi kwa juu. Huo ni mchubuko tu. Lengelenge huanzia ndani: mfupa husogea huku ngozi ikiwa imenata kwenye soksi yenye jasho, tabaka za ngozi huvutana mpaka zikaachana, na mwanya hujaa majimaji.

Lengelenge dogo lisilouma huachwa, kwani ngozi yake ndiyo bandeji bora. Kubwa linalouma huoshwa kwa sabuni, likatobolewa ukingoni kwa sindano safi iliyotakaswa, likakamuliwa taratibu na kufunikwa. Ngozi ya juu haing'olewi. Mgonjwa wa kisukari asijitoboe. Aende kituo cha afya. Usaha, homa au wekundu unaoenea ni dalili za maambukizi, na si jambo la kupuuza: mwaka 1924 Calvin Coolidge mdogo, mwana wa rais wa Marekani, alicheza tenisi bila soksi, akapata lengelenge kidoleni, na siku chache baadaye akafa kwa maambukizi ya damu. Alikuwa na miaka 16. Dawa ya kuua bakteria kama penisilini haikuwapo bado; iligunduliwa 1928.

Kinga ni kiatu kisichobana wala kupwaya, na soksi kavu. Wanaoshuka Kilimanjaro hukaza kamba za viatu ili vidole visigonge mbele. Plasta hubandikwa mara mguu unapoanza kuwaka, kabla lengelenge halijatunga.