Ndoa Iliyoishia Njiani: Kutoka Tarime hadi Igogo

Mwaka 1992, nikiwa na umri wa miaka tisa, nilihama Tarime kwenda Mwanza juu ya lori la mahindi. Bibi aliketi mbele na dereva kwa sababu ya magoti yake. Mama na mimi tulikuwa nyuma juu ya magunia, pamoja na godoro, masufuria na mbuzi mmoja ambaye bibi alikataa katakata kumuuza. Ng'ombe wake walikuwa wameibwa miezi miwili kabla, na kwa Mkuria wa rika lake boma lisilo na ng'ombe halikuwa tena mahali pa kukaa. Mama alikuwa na ndugu yake Igogo, aliyefanya kazi katika kiwanda cha minofu ya sangara, naye alikuwa ametuma ujumbe kwamba mjini mtu hafi njaa.

Tulivuka Mto Mara pale Kirumi, tukapita Makutano na Bunda. Kuelekea Lamadi nyika ya Serengeti ilikuwa kushoto kwetu na ziwa kulia. Magu tulisimama kubadilisha gurudumu. Giza lilipoingia tulikuwa tumefika Igogo, chini ya kilima cha mawe ambamo watu wamejenga nyumba kila penye nafasi ya kuweka mguu.

Ilinichukua miaka mingi, na shahada mbili, kuelewa kilichotokea katika safari ile. Asubuhi, kule Tarime, bibi na mama walikuwa watu waliooana. Jioni, Igogo, walikuwa wanawake wawili waliopanga chumba kimoja.

Mimi ni mtoto wa nyumba ntobhu. Kwa wasomaji wasioifahamu desturi hii ya Wakuria: mwanamke, mara nyingi mjane asiye na mtoto wa kiume, hutoa mahari ya ng'ombe na kuoa mwanamke kijana. Kijana huyo huzaa na mwanamume atakayekubalika, lakini watoto si wa mwanamume huyo. Ni wa nyumba ile iliyotoa ng'ombe. Hulirithi jina lake na ardhi yake. Bibi alitoa ng'ombe kumi na wawili kwa ajili ya mama. Wanandi, Wakisii na Wakamba wa Kenya wana desturi zinazofanana na hii.

Hapa nawaomba wanaharakati, ambao baadhi yao ni wanafunzi wangu, wasikimbilie kushangilia. Nimeshasoma makala zinazoitaja nyumba ntobhu kama ushahidi kwamba Afrika ilikuwa na ndoa za jinsia moja kabla ya Wazungu. Jambo lenyewe ni gumu zaidi. Marehemu bibi alinieleza kwamba kwa lugha ya desturi mama alikuwa mkwe wake: mke wa mwana ambaye hakuwahi kuzaliwa. Barthazar Rwezaura, mwanasheria aliyechunguza sheria za familia za Wakuria na kuchapisha kitabu mwaka 1985, aliyaeleza mambo haya kwa makini yanayostahili. Lengo la desturi hii ni ukoo na urithi. Tena haikuwa na huruma kwa kila mtu: wapo wasichana waliopelekwa katika nyumba hizi wakiwa wadogo mno, bila kuulizwa, kwa sababu baba zao walihitaji ng'ombe. Historia inayofaa kuandikwa haifichi hilo.

Hata hivyo, tazama kile jamii ile ilichokuwa tayari kufanya. Ilikuta wanawake wawili wanaohitaji kuishi pamoja chini ya kinga, ikaona kwamba kanuni zake zinadai awepo mwanamume, basi ikamtunga. Haikuwaambia wanawake wale waachane. Watu wameniuliza, wengine kwa dhihaka, kama bibi na mama walipendana kama wapendanao wapenzi. Hilo ni lao. Ninachokijua ni kwamba waliishi pamoja miaka ishirini na mitano na kwamba mmoja alipougua, mwingine hakulala.

Serikali ilichagua njia nyingine. Baada ya Waraka wa Serikali Namba 1 wa mwaka 1969, Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa, Namba 5 ya mwaka 1971. Ilikuwa kazi ya kijasiri: ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za kimila na za kiserikali ziliwekwa chini ya paa moja, na mitala, iliyozua mabishano makali, ikapewa nafasi yake. Lakini kifungu cha 9 kilitamka kwamba ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Kifungu cha 160 kikaongeza ukarimu: mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, wakaheshimiwa kama mke na mume, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hata kama hawakutoa kuku! Ng'ombe kumi na wawili wa bibi hawakuwa na kifungu.

Kijijini jambo hilo halikuonekana, kwa kuwa huko wazee walitosha. Mjini lilitukabili tangu wiki ya kwanza. Fomu ya shule ilitaka jina la baba. Mama aliangalia kalamu, akamwangalia bibi, na bibi akataja jina alilompa yule mwana asiyezaliwa. Jina hilo ndilo lililo kwenye vyeti vyangu vyote.

Mama aliuza mapanki, yale mabaki ya sangara yanayotoka viwandani baada ya minofu kuondolewa, na kwa fedha hizo walijenga vyumba vinne juu ya mawe. Kiwanja kiliandikwa jina la bibi kwa heshima. Bibi alipofariki mwaka 2006, fomu ya taarifa ya kifo ilikuwa na mstari wa uhusiano na marehemu. Mama aliandika "mkwe". Mwezi wa tatu wapwa wa marehemu mume wa bibi walifika kudai nyumba. Mzee mmoja alisafiri kutoka Tarime kuja kuwahesabia ng'ombe wale kumi na wawili, mmoja mmoja, kwa rangi zao. Aliyesikiliza shauri aliuliza swali moja tu: cheti cha ndoa kiko wapi? Mama alibaki na vyumba viwili, na hivyo kwa hisani.

Mwaka 2013 nilisoma habari za Wamarekani wawili, James Obergefell na John Arthur, wa Cincinnati katika jimbo la Ohio. Arthur alikuwa akifa kwa ugonjwa wa neva, na Ohio haikuruhusu ndoa yao. Tarehe 11 Julai walipanda ndege ya wagonjwa hadi Maryland, wakaoana ndani ya ndege ikiwa imesimama uwanjani, wakarudi nyumbani. Waliporudi Ohio hawakuwa tena wanandoa. Arthur alifariki Oktoba mwaka huohuo. Kesi iliyofika Mahakama ya Juu na kuamuliwa tarehe 26 Juni 2015 ilianza na dai dogo: cheti cha kifo kimtaje Obergefell kuwa mwenzi aliyebaki. Dai hilo nililielewa mara moja, kwa sababu ya ule mstari alioujaza mama.

Na wala hatuhitaji kwenda Marekani. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Kenya mjini Mombasa, mbele ya Jaji J. B. Ojwang, iliamua shauri la mwanamke aliyeolewa na mwanamke mwenzake kwa mila ya Kinandi, na ikamtambua yeye na wanawe kuwa warithi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inazungumzia ndoa ya watu wa jinsia tofauti. Bado jaji aliweza kumwona mjane aliyesimama mbele yake. Mpaka uliowagawa Wakuria ulichorwa na Waingereza na Wajerumani kwa rula mwaka 1886.

Kwa hiyo ninaunga mkono haki ya watu wazima wawili, wa jinsia yoyote, kuoana kwa hiari na kulindwa na sheria. Nasema kwa hiari na nasema watu wazima, kwa sababu desturi yetu haikuzingatia yote mawili siku zote. Najua ninaandika katika nchi ambayo kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, urithi wa Waingereza, kinataja kifungo kisichopungua miaka thelathini. Najua pia nitaambiwa kwamba hoja hii ni ya kigeni. Wanaosema hivyo nawakaribisha Igogo. Mama bado yuko katika vile vyumba viwili, na ukimuuliza mwenye picha ya ukutani ni nani wake, atakujibu kwa Kikuria neno ambalo fomu zetu hazina mahali pa kuliandika.