Kutoka Platini hadi Kiwambo: Historia ya Kuwasha Injini za Petroli katika Ndege Kubwa za Mfano

Insha hii inachunguza jinsi utaratibu wa kuwasha injini za petroli katika ndege kubwa za mfano ulivyobadilika tangu miaka ya 1930, hususan nchini Marekani. Mara nyingi hatua za uwashaji, yaani kufunga choki, kuzungusha pangaboi mara kadhaa, kufungua choki na kuzungusha tena, huchukuliwa kuwa mazoea tu ya warushaji wakongwe. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba kila hatua ina chimbuko lake katika muundo wa mtambo. Aidha, kila uvumbuzi uliorahisisha uwashaji haukuiondoa hatari iliyoukabili mkono wa mrushaji, bali uliihamishia mahali pengine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, ndege nyingi za mfano ziliendeshwa kwa mipira iliyosokotwa. Hali hiyo ilibadilika pale kijana Maxwell Bassett alipoingiza katika mashindano ya kitaifa ndege zilizobeba injini ndogo ya petroli iliyobuniwa na William Brown wa Philadelphia. Katika mashindano ya 1933, ndege zake ziliishinda mifano ya mipira, na baada ya hapo ndege za petroli zikatengewa daraja lake zenyewe. Injini hiyo, iliyokuja kujulikana kama Brown Junior, ilikuwa na ujazo wa takriban sentimita za ujazo 10. Miaka michache baadaye, mwaka 1937, ndugu wawili, Walter na William Good, walirusha ndege yao iitwayo Guff, iliyoongozwa kwa redio na yenye mabawa ya takriban mita 2.4.

Injini za kizazi hicho hazikuwa na pampu ya mafuta. Petroli iliyochanganywa na oili nzito ilipanda kutoka tangini kwa nguvu ya mvuto wa hewa tu, na injini iliyosimama haina mvuto. Kwa sababu hiyo, mrushaji aliziba tundu la hewa kwa kidole na kuzungusha pangaboi mara moja au mbili ili mafuta yapande. Penye baridi, alidondosha matone machache ya petroli kupitia tundu la kutolea moshi. Cheche nayo ilitoka kwenye betri, koili, kondensa na platini. Wengi walitumia betri kubwa ya ardhini wakati wa kuwasha ili kuihifadhi betri ndogo iliyobebwa angani. Palikuwa pia na wenzo wa kuchelewesha au kuwahisha cheche. Aliyesahau kuuchelewesha kabla ya kuwasha aliweza kupigwa na pangaboi lililorudi nyuma ghafla, kwa kuwa mchanganyiko uliwaka kabla pistoni haijafika juu.

Mwaka 1947 Ray Arden alileta sokoni plagi yenye waya wa platinamu. Waya huo hupashwa moto kwa betri wakati wa kuwasha tu. Injini ikishawaka, joto la mwako na mwitikio kati ya platinamu na methanoli huufanya uendelee kung'aa. Koili, kondensa na platini zikawa mzigo usiohitajika, na kwa takriban miongo mitatu petroli ikasukumwa pembeni katika sehemu kubwa ya uundaji wa ndege za mfano.

Kilichoirudisha petroli ni ukubwa wa ndege zenyewe. Kilo moja ya methanoli ina chini ya nusu ya nishati iliyomo katika kilo moja ya petroli, hivyo injini kubwa ya methanoli hunywa mafuta mengi na kugharimu zaidi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1970, waundaji wa ndege zenye robo ya ukubwa wa ndege halisi waligeukia injini za mashine za kazi. Quadra ya takriban sentimita za ujazo 35 ilipata umaarufu mapema. Baadaye zilifuata injini za Zenoah ya Japani, kampuni iliyotengeneza pia misumeno ya mnyororo na mashine za kukatia majani.

Pamoja na injini hizo ilikuja kabureta ya kiwambo. Msumeno hufanya kazi ukiwa umelazwa au kupinduliwa, kwa hiyo kabureta yenye boya isingeufaa. Katika kabureta ya kiwambo, mapigo ya shinikizo ndani ya kasha la krenki husukuma kiwambo cha pampu, nacho huvuta mafuta kutoka tangini. Kiwambo cha pili hufungua sindano inayopimia mafuta. Hapa ndipo ilipo asili ya utaratibu wa leo: injini isiyozunguka haina mapigo, na mpira wa mafuta ukiwa mtupu hakuna kinachofika kwenye silinda. Choki ikifungwa, kila mzunguko wa pangaboi huleta mapigo ya pampu na mvuto mkali unaoifungua sindano. Injini ikikohoa mara moja, hiyo ni ishara kwamba mafuta yamefika. Anayeendelea kuzungusha bila kufungua choki huyajaza mafuta kwenye kasha la krenki na kuilowanisha plagi.

Cheche nayo ilipitia mabadiliko. Injini za misumeno zilitumia magneto, ambayo nguvu yake hutegemea kasi ya sumaku zilizo kwenye flaiwili. Kamba ya kuvutia ilipoondolewa ili kupunguza uzito, mrushaji alilazimika kuzungusha pangaboi kwa nguvu nyingi. Mfumo wa kielektroniki wa betri ulitatua tatizo hilo: hutoa cheche kali hata kwa mzunguko wa polepole, na huichelewesha wenyewe wakati wa kuwasha. Wenzo wa miaka ya 1930 ukawa umerudi kwa umbo la sakiti.

Hata hivyo, wepesi huo una gharama. Swichi ikiachwa wazi, pangaboi linalosogezwa taratibu linaweza kuiwasha injini ambayo mrushaji alidhani bado anailisha mafuta tu. Pangaboi la sentimita 50 likizunguka mara 2,000 kwa dakika, ncha yake huenda kwa takriban mita 52 kwa sekunde, na hiyo ni kasi ya kuzembea tu. Kutokana na hali hiyo, kuna mantiki ya kulisha mafuta swichi ikiwa imezimwa, kuifunga ndege au kumpa msaidizi aishike, na kutumia fimbo au glavu nene. Hata hivyo, kila pangaboi huguswa kana kwamba swichi imewashwa.

Kwa kuhitimisha, historia hii inaonesha kwamba utaratibu wa uwashaji ni kumbukumbu ya maamuzi ya wahandisi. Choki inasimulia habari za msumeno uliopinduliwa msituni, na swichi iliyozimwa inasimulia habari za cheche isiyongoja tena nguvu ya mkono. Mwanafunzi anayefundishwa hatua bila sababu zake huenda akairuka hatua moja siku atakapokuwa na haraka, na hatua hiyo yaweza kuwa ndiyo iliyokuwa ikivilinda vidole vyake.