Mama Anapika, Darasa la 21

Mwaka 1938 mwanasheria kijana, Rudolf Flesch, alilikimbia jiji lake la Vienna, Wanazi wakiwa wamekwisha kuimeza Austria, akaangukia New York. Sheria alizosomea kwao hazikumfaa kitu huko, basi akarudi darasani, Chuo Kikuu cha Columbia. Kiingereza kwake kilikuwa lugha ya kujifunza ukubwani. Mimi nadhani hilo lilimsaidia: anayeingia lugha kwa jasho huhisi uzito wa kila sentensi.

Kupima ugumu wa maandishi kwa kuhesabu maneno hakukuanza na yeye. Tangu 1921 Edward Thorndike alikuwa ametoa orodha ya maneno 10,000 ya Kiingereza, akayapanga kwa kadiri yanavyotumika, na walimu wakaitumia kupimia vitabu vya shule. Kazi hiyo ilichosha, maana kila neno lilitafutwa orodhani. Flesch akaiweka orodha kando. Katika fomula aliyoitoa 1948 alibakiza mambo mawili tu: sentensi ina maneno mangapi, na neno lina silabi ngapi. Unaanza na 206.835, unatoa wastani wa maneno kwa sentensi mara 1.015, kisha unatoa wastani wa silabi kwa neno mara 84.6. Ukipata karibu na 100, maandishi ni mepesi. Ukikaribia sifuri, msomaji ana kazi. Shirika la habari la Associated Press likamchukua awe mshauri wake.

Silabi, hata hivyo, ziliisumbua mashine. Mwaka 1967 watafiti wa Jeshi la Anga la Marekani walifunga vihesabio kwenye taipureta ya umeme, na kwa kuwa taipureta haina sikio, wakahesabu herufi badala ya silabi.

Jeshi la Wanamaji nalo lilikuwa na shida yake: vitabu vya ufundi ambavyo mabaharia hawakuvielewa. Mwaka 1975 J. Peter Kincaid na wenzake waliwapima askari 531 waliokuwa masomoni katika shule nne za ufundi. Kwanza walipima uwezo wao wa kusoma, kisha wakawapa vifungu 18 kutoka vitabu vyao wenyewe vya mafunzo. Kutokana na majibu hayo fomula ya Flesch ikapangwa upya, ili itoe darasa la shule badala ya alama: maneno kwa sentensi mara 0.39, jumlisha silabi kwa neno mara 11.8, toa 15.59.

Fomula hizo mbili ndizo zilizoingia ndani ya Microsoft Word. Ukishamaliza kukagua tahajia na sarufi, na kama umeiruhusu programu ikuonyeshe, hujitokeza kisanduku chenye takwimu, na chini yake darasa la maandishi yako. Wale mabaharia hawatajwi.

Nilichukua kalamu nikaijaribu kwa lugha yetu: Mama anapika chakula. Maneno matatu, silabi tisa. Kwa fomula ya Flesch nikapata hasi 50. Kwa ile ya wanamaji, 20.98, yaani darasa la 21, kwa sentensi ambayo mtoto wa darasa la kwanza huisoma kwa sauti kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Kwa Kiingereza maana hiyohiyo huchukua maneno manne na silabi sita, na darasa halifiki la nne.

Kisa ni kwamba neno letu moja, anapika, limebeba mtendaji, wakati na tendo. Kiingereza huvitawanya vitu hivyo katika vijineno, vingi vya silabi moja, na vijineno hivyo ndivyo vinavyoshusha hesabu. Nikaongeza neno: Mama yetu anapika chakula. Sentensi imerefuka, silabi zimefika 11, na darasa limeshuka hadi la 18.