Bill Gates Alipoachia Microsoft: Hivi Ndivyo Kampuni Ilibadilika

Ukiuliza wasee Microsoft ni ya nani, wengi watakuambia Bill Gates. Lakini huyo buda aliacha kuwa mdosi Januari 2000. Kama uko chini ya miaka 25, hujawahi kuishi siku moja akiwa mkurugenzi mkuu.

Alianzisha kampuni 1975 na rafiki yake Paul Allen, akahepa Harvard (usimwonyeshe mathako hiyo sentensi). Kutoka kwake hakukuwa kwa mara moja. 2000 alimpea Steve Ballmer kiti, akabaki mkubwa wa programu. Juni 2008 akaacha kazi ya kila siku aende kwa wakfu wake, lakini bado alikuwa mwenyekiti wa bodi. Yaani ametoka mlangoni, kivuli kimebaki ofisini.

Watu humponda Ballmer, na mimi naona wanamwonea kidogo. Chini yake mapato ya mwaka yalipanda kutoka kama dola bilioni 23 hadi 78. Pale alichomeka ni kwa simu. iPhone ilipotoka 2007 aliicheka, ati bei ni noma na haina kibodi. Windows Phone ikakuja 2010, wakati watu washazoea Android. Kama uliwahi kushika Lumia unajua hiyo stori: kamera safi, simu ngumu, lakini ap unayotaka haiko.

Mbona kampuni yenye ganji hivyo ilichelewa? Windows na Office zilikuwa zinaleta doh mob sana, so kila wazo jipya lilipimwa kwanza: litaumiza Windows? Halafu kulikuwa na ule mtindo wa kupanga wafanyakazi kwa madaraja. Hata kama timu yenu yote imechapa kazi fiti, lazima mtu awekwe chini. Sasa wewe utamsaidia jirani yako kweli? Mtindo huo ulitupwa Novemba 2013.

Mwaka huo huo Ballmer alikubaliana kununua biashara ya simu za Nokia, dili ya zaidi ya dola bilioni 7. Kufikia 2015 bilioni 7.6 zilifutwa kwa vitabu na hadi watu 7,800 wakapoteza kazi.

Aliyefuta ni Satya Nadella, aliyeshika usukani Februari 2014. Si mgeni, alikuwa ndani tangu 1992. Siku hiyo Gates pia aliachia uenyekiti, na hapo ndio mambo yalibadilika kiukweli. Office ikaingia kwa iPad (kazi yenyewe ilianza enzi ya Ballmer, tusidanganyane). Linux, ambayo Ballmer aliifananisha na kansa 2001, ikaanza kupendwa. Pesa ikaelekezwa kwa Azure, yaani kukodisha kompyuta kupitia intaneti. GitHub ikanunuliwa 2018 kwa dola bilioni 7.5, OpenAI ikapewa bilioni moja 2019. Mwaka huo ndio walifungua kituo cha watengenezaji programu hapa Nairobi. Thamani ya kampuni ikavuka dola trilioni 3 Januari 2024.

Gates alitoka kwa bodi Machi 2020. Na Ballmer mnayemcheka? Aliposhuka hakuuza hisa zake ovyo. Julai 2024, orodha ya matajiri ya Bloomberg ilimweka juu ya Gates mwenyewe.