Dagaa wa Kigoma: kutoka mchangani hadi kwenye chanja

Anayepika dagaa wa Kigoma anaijua kazi ya kuwaosha. Maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, na bado jino linakutana na punje ya mchanga. Mchanga huo una historia yake, ndani ya kisa kirefu cha watu wa Ziwa Tanganyika na namna walivyoiboresha kazi yao hatua kwa hatua, kizazi baada ya kizazi.

Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Ujiji, karibu na Kigoma, Februari 1858, walikuta mji wa biashara ambako samaki wa ziwani waliuzwa pamoja na chumvi ya Uvinza na pembe za ndovu. Uvuvi wa dagaa siku hizo ulikuwa wa moto na mkono. Usiku wa giza mvuvi aliwasha kuni kwenye mtumbwi, dagaa wakaufuata mwanga, naye akawachota kwa lusenga, wavu wa mviringo wenye mpini mrefu. Moto ukizimwa na upepo, kazi imekwisha.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914 na kufungua njia ya kupeleka dagaa mbali. Kazi yenyewe ya uvuvi ilikuja kubadilika sana miaka ya 1950. Karabai ilichukua nafasi ya kuni: haikuhitaji kuchochewa kila dakika, na mwanga wake ulikuwa mkali na mtulivu. Kwa kuwa samaki sasa walikusanyika wengi, lusenga haikutosha tena. Wavuvi wakaanza kufunga mitumbwi miwili sambamba kwa miti, wavu mkubwa ukazamishwa chini yake, taa zikaning'inizwa juu, na dagaa wakijaa wavu unavutwa kwa pamoja. Baadaye zikaja mashine za boti, na miaka ya karibuni taa za betri na sola, ambazo hazili mafuta ya taa. Kila hatua ilizaliwa na tatizo lililoachwa na hatua iliyotangulia.

Kuna jambo moja ambalo hawakuligusa kwa kuwa halikuwa na kasoro. Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi hupumzika. Mbalamwezi huangaza ziwa zima, taa ikakosa nguvu ya kuwakusanya samaki. Mabadiliko yote hayo yameiheshimu kalenda hiyo ya wazee.

Lakini tukitazama kwa makini, karibu akili yote hiyo ilielekezwa kwenye kuvua. Pwani ilisahauliwa. Mtumbwi ukirudi alfajiri na shehena nzuri, dagaa walimwagwa kwenye mchanga, wakageuzwa kwa mikono, wakakanyagwa na kuku na mbuzi, na mvua ya masika ikinyesha ghafla kazi ya usiku mzima ikaoza kabla ya jioni. Kazi hiyo ya kuanika hufanywa zaidi na wanawake, na nadhani ndiyo sababu ilichelewa kutazamwa.

Wakati huohuo ziwa lenyewe lilikuwa linachoka. Mwaka 2003 watafiti walionyesha katika jarida la Nature kwamba joto linaloongezeka limepunguza mchanganyiko wa maji ya juu na ya chini, hivyo virutubisho vinavyolisha mwani, na kupitia mwani kuwalisha dagaa, havipandi kama zamani. Ongeza nyavu nyingi na wavuvi wengi. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Kutafuta namna ya kuvua zaidi kulikuwa kumefika mwisho wake.

Iliyobaki ilikuwa kutopoteza wale waliokwisha kuvuliwa, na jibu lilikuwa limeshaanza kuonekana kwa majirani. Mwaka 2004 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilianza kuwafundisha watu wa mwambao wa Burundi kujenga chanja: nguzo za miti, kimo cha kama mita moja, juu yake wavu wa kuanikia. Upepo hupita juu na chini ya samaki, mbuzi hamfikii, na mvua ikija ni rahisi kufunika. Dagaa hao huuzwa bei nzuri kuliko wa mchangani, na wanaooza ni wachache.

Upande wetu chanja zipo pia, ila mchanga haujaachwa. Sababu zinaeleweka. Miti inagharimu, nafasi ya pwani ni finyu, na siku ya samaki wengi chanja hujaa mapema. Iliyo nzito zaidi, kwa maoni yangu, ni sokoni: mchuuzi akitoa bei ileile kwa dagaa safi na kwa dagaa wa mchangani, mwanikaji ana faida gani ya kuhangaika?

Tangu mwaka 2013 wizara yetu inayosimamia viwanda imekuwa ikifundisha viwandani, kwa msaada wa Japani, utaratibu wa kaizen wa kurekebisha kazi kidogo kidogo, kama walivyofanya wavuvi wa ziwa hili. Mafunzo hayo yafike na mialoni, Katonga na Kibirizi, kwa mwanamke anayeanika. Nawe msomaji, ukienda sokoni Kariakoo au Mwanga, muulize muuzaji dagaa wake wameanikwa wapi. Akikuambia kwenye chanja, na ukaona hawana mchanga, muongezee bei.